Kinoo kwanza, kerezo baadaye

Majuma mawili yaliyopita nilipata barua ya mama mmoja anayeishi mtaani Umoja, Nairobi. Nitaifupisha. Mwanawe wa pili alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo anakaa na babu yake upande wa Litein, kaunti ya Kericho, ambako jamaa hiyo ina ekari mbili za majani chai. Huko kijana ameingiwa na hamu ya kukereza mbao, yaani kuufunga mti kwenye mashine, kuuzungusha, na kuuchonga ukiwa mbioni mpaka uwe mguu wa kitanda, mchi au bakuli. Sasa ametokea mtu anayeuza mashine kuukuu, na kijana anaomba fedha za bonasi ya chai ziende huko.

"Babu yake amekubali," aandika mama huyo, "lakini mimi sijui hata tofauti ya patasi na tindo. Nimpe au nisimpe?"

Swali hili si dogo. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na kila mwenye asili ya Kericho au Bomet anajua inavyongojewa: karo, deni la dukani, mbolea, matibabu ya nyanya. Mwaka 2025 wakulima wa sehemu hizo walilalamika waziwazi kwamba walicholipwa kwa kilo kilikuwa duni mno kikilinganishwa na cha wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Na kazi ya kuchuma chai katika mashamba makubwa nayo imepungua tangu makampuni yalete mashine za kuchumia. Kijana anayetafuta ufundi wa mikono yake mwenyewe anastahili kusikilizwa. Hata hivyo, fedha ya bonasi ikishazama kwenye chombo kisichofaa, hairudi.

Basi nilifunga safari. Katika barabara itokayo Litein kwenda Sotik kuna fundi mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akikereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Nilimkuta kibandani mwake, mvua ya alasiri ikipiga mabati, maranda yamemfika vifundoni. Tulisalimiana, "Chamgei," nikamweleza habari za yule kijana. Alicheka kidogo.

"Mashine hata ya kukodi utaipata," akasema. "Muulize kwanza kama ana kinoo."

Hilo ndilo jibu la barua hii kwa ufupi. Lakini mama anataka kujua kwa nini, na pengine nawe msomaji una kijana wa aina hiyo nyumbani. Tufuatane.

MASHINE YENYEWE

Kukereza si jambo lililokuja na umeme. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa upindi na kamba miaka mingi kabla ya mota. Ndiyo sababu Kiswahili kina jina la mashine hiyo tangu kale: kerezo.

Kerezo lina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho huzungushwa na mota. Kuna mkia, unaosukumwa kuukaza mti kwa upande wa pili. Kuna kitanda, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kichwa na mkia. Na kuna egemeo, mahali unapolaza patasi ili isikuponyoke. Mafundi wetu wa jua kali huziunga sehemu hizi kwa vyuma vya kawaida, na kerezo la namna hiyo laweza kufanya kazi njema kabisa ikiwa ni zito na halitikisiki. Kerezo jepesi hucheza, mti nao hucheza, na mkono wa mwanafunzi hujifunza makosa.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tazama mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Mota ina kibati chenye maandishi. Kisome. Kikisema volti 240, fezi moja, mashine itafanya kazi nyumbani. Kikisema volti 380 au 415, fezi tatu, basi hiyo ni mashine ya kiwandani, na katika nyumba ya kawaida haitazunguka. Nilikwenda na yule kijana kuiona mashine aliyoipenda. Ni nzuri, chuma kizito, haina kutu. Tulifuta vumbi kwenye kibati: 415. Muuzaji hakumdanganya mtu, maana hakuna aliyemwuliza. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu.

La pili ni ukubwa. Pima kutoka ncha ya kichwa kushuka hadi kitandani. Ukipata inchi 6, hutaweza kuzungusha kitu chenye upana unaozidi inchi 12. Kwa anayeanza, hiyo yatosha na kubaki.

La tatu ni mwendo. Mota nyingi za kazi hii huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika. Puli ya inchi 2 kwenye mota ikivuta puli ya inchi 4 kwenye kichwa, mti utazunguka kama mara 700. Puli zikilingana, mara 1,400. Ukizigeuza, mara 2,800. Kerezo lisilo na njia ya kubadilisha mwendo usilinunue.

Mwendo gani unafaa? Wakerezaji wana hesabu yao ambayo wanafunzi wataipenda. Chukua upana wa mti kwa inchi, uzidishe kwa mizunguko ya dakika moja. Jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10, basi, lizunguke mara 600 hadi 900. Kifimbo cha inchi 2 kinaruhusiwa mara 3,000 au zaidi, lakini mwanafunzi aridhike na 1,500. Na mti ambao bado una pembe nne uanze kwa mwendo wa chini kabisa, hata uwe mwembamba.

KINOO

Sasa tumfikie yule fundi na swali lake. Patasi ya seremala hukutana na mbao kidogo kidogo. Patasi ya mkerezaji hukutana na mti unaokimbia, na kwa dakika moja hukata urefu mkubwa sana. Huwa butu upesi. Fundi huyu hunoa kila baada ya dakika chache, bila hata kufikiri, kama mtu anayepangusa jasho.

Mwenye patasi butu hufanya nini? Husukuma. Akisukuma, patasi hujichimbia, mti huruka au chuma humrudia. Ajali nyingi za karakana huanza na ubutu. Ishara ni rahisi: patasi kali hutoa maranda marefu yanayojikunja kama ganda la kiazi, patasi butu hutoa vumbi. Ukiona vumbi, simamisha.

Kwa hiyo nunua mashine ndogo ya kunolea yenye mawe mawili, moja la kukwaruza na moja laini, pamoja na kinoo cha mkono cha kumalizia. Hakikisha ina kibao imara cha kulazia patasi ili pembe ya makali iwe ileile kila siku. Usikandamize. Chuma cha kawaida kikigeuka rangi ya buluu kimeungua, na makali hayo hayatakaa tena mpaka uondoe sehemu yote iliyoungua.

PATASI NNE, SI KUMI NA MBILI

Madukani utaonyeshwa sanduku zuri la patasi kumi na mbili. Liache. Za kuanzia ni nne.

Ya kwanza ni bobari kubwa, patasi iliyopinda kama mfereji, ya kuugeuza mti wa pembe nne uwe duara. Ya pili ni bobari ndogo, ya kuchimba mabonde na kuzungushia vifundo. Ya tatu ni patasi nyembamba ya kukatia, inayotenganisha kazi na kipande cha mwisho na kuweka alama za vipimo. Ya nne ni kiparuzo, bapa na kinene, cha kulainisha mahali ambapo bobari haifiki.

Siku ya mabakuli ikifika, ongeza bobari ya tano, iliyochongwa kutoka fimbo nzima ya chuma. Usijaribu bakuli kwa ile bobari kubwa ya kwanza, kwani shingo yake inayoingia mpinini ni nyembamba, na imewahi kuvunjika mikononi mwa wengi.

Ukiweza, chagua chuma chenye herufi HSS. Bei yake ni juu, lakini hakiharibiwi upesi na moto wa kunoa. Patasi za jua kali zilizofuliwa kutoka springi za gari nazo hufaa, fundi akijua kuzichemsha na kuzipoza ipasavyo. Lakini tupa kuukuu isigeuzwe patasi. Tupa ni ngumu kama kioo na huvunjika kama kioo. Mimi nina kovu usoni la tangu ujana wangu, niliponuia kuokoa shilingi chache kwa kunoa tupa ya marehemu mjomba. Kipande kilipita chini ya jicho kwa upana wa vidole viwili.

KUSHIKA NA KUPIMA

Mti hushikwa kwa njia mbili. Kazi ndefu kama mguu wa meza hukaa kati ya ncha mbili: ncha yenye meno kichwani na ncha inayozunguka mkiani. Kazi pana kama bakuli hufungwa kwa skurubu kwenye sahani ya chuma inayojiviringa kichwani. Kishikio cha taya nne ni kizuri sana, lakini ni ghali, na kinaweza kungoja mwaka.

Hapa kuna mtego mwingine. Sahani na vishikio vyote hukazwa kwenye nyuzi za kichwa cha kerezo, na nyuzi hizo hazifanani kwa kila mashine. Ukiundiwa kerezo na fundi wa jua kali, mwambie achonge sahani mbili siku hiyohiyo, kwa nyuzi zilezile.

Kwa kupima, nunua kalipa moja, rula ya chuma, bikari na penseli. Fundi wangu hana kalipa. Anatumia spana. Spana ya 19 hupita tu pale unene unapofika milimita 19, na miguu minne ya kitanda hutoka sawa kama pacha.

USO WAKO NI KIFAA

Watu husema ajali haina kinga. Katika karakana kinga ipo, na huuzwa dukani. Nunua ngao ya plastiki inayofunika uso mzima, si miwani tu. Nunua na barakoa ya vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la msasa ndilo baya zaidi kwa kuwa ni jepesi na huelea hewani.

Usivae glavu mbele ya kerezo. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini glavu ikinaswa huondoka na kidole. Vivyo hivyo tai ya shule, skafu, bangili na mikono mirefu ya sweta iliyolegea. Nywele ndefu zifungwe. Zungusha mti kwa mkono kwanza uone kama unagusa egemeo. Simama kando unapowasha. Usisogeze egemeo mashine ikiwa mbioni, na unapopiga msasa liondoe kabisa.

MTI UPO MLANGONI

Mkazi wa nchi ya chai ana bahati ambayo mkazi wa mjini hana, yaani miti. Ule mgrevilea uliopandwa mipakani mwa mashamba ulitoka Australia, na ubao wake una madoa ya kupendeza kama lesi. Lakini chunga, watu wengine huwashwa na kutoka upele wakigusa mti huo au vumbi lake. Mparachichi mkuukuu usiozaa tena hukatika kwa urahisi. Saipresi ni laini na ina harufu nzuri, ila harufu hiyo isipelekwe jikoni. Mkaratusi, ambao viwanda vya chai huutumia kwa kuni za kukaushia majani, ni mzito na imara, ila hupasuka vibaya unapokauka. Hata mchai wenyewe, unapong'olewa baada ya kuzeeka, una shina gumu linalofaa kwa vitu vidogo kama mipini ya visu na vifuniko.

Mti mbichi una maji mengi. Pakaa nta au rangi kuukuu kwenye ncha zake siku unapoukata, uuweke kivulini. Kwa kawaida huhesabiwa mwaka mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na katika unyevu wa Kericho mtu asiharakishe. Kwa bakuli kuna njia ya mkato. Lichonge likiwa bichi, uache unene wa sehemu moja ya kumi ya upana wake, yaani inchi 1 kwa bakuli la inchi 10. Liache likauke na kupinda litakavyo, kisha ulirudishe kwenye mashine na kulimaliza.

Na miti ya asili ya msitu wa Mau si ya kuguswa bila kibali. Hata ule wako mwenyewe, ukitaka kuusafirisha magogo au mbao zake, uliza kwanza ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu.

KAZI YA KWANZA: KIFIMBO CHA CHAPATI

Usianze na bakuli. Anza na kifimbo cha kusukumia chapati. Hakihitaji sahani wala kishikio, kila nyumba inakitaka, na makosa yake huonekana mara moja, kwa sababu kifimbo kisicho sawa hutoa chapati nene upande mmoja.

Tafuta mpera au mkaratusi mkavu, urefu wa inchi 16, unene wa inchi 2 kila upande. Chora mistari ya pembe kwa pembe kwenye ncha zote mbili ili kupata katikati. Ufunge kati ya ncha mbili, uanze polepole, uondoe pembe kwa bobari kubwa. Kwa patasi ya kukatia weka alama za kipimo kila baada ya inchi 3, kisha unganisha alama hizo. Mipini chonga kwa bobari ndogo. Piga msasa namba 80, halafu 120, 180 na 240, bila kuruka hata mmoja.

Mwishowe pakaa mafuta. Ya kupikia yataoza na kunuka. Chukua parafini ya maji inayouzwa kwenye duka la dawa (si mafuta ya taa!), uipashe moto taratibu pamoja na kipande cha nta ya nyuki ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji moto, na upake yakiwa vuguvugu.

Yule kijana alichonga kifimbo chake cha kwanza mbele yangu, kwenye kerezo la fundi. Alikiharibu kimoja, akaharibu cha pili. Kabla ya cha tatu fundi alimnyang'anya bobari, akainoa, akamrudishia bila neno. Mara maranda yakaanza kutoka marefu, na kijana akamgeukia babu yake aliyekuwa amesimama mlangoni.

JIBU LANGU KWA MAMA

Mpe, mama, lakini usimpe zote, wala usimpe leo. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Kutoka katika bonasi hiyo nunua mashine ya kunolea, patasi nne, ngao ya uso na barakoa. Fundi amekubali kumpokea kijana kwa miezi mitatu, afagie, anoe na kujifunza. Akipenda kuendelea, vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti vipo, na mtihani wa ufundi wa NITA huanza gredi ya tatu, hivyo atakuwa na cheti mkononi.

Fedha zinazobaki ziweke. Miezi mitatu ikipita naye bado anaamka mapema kwenda kibandani, rudini kwa yule muuzaji. Mashine yake ni nzima, ila mota lazima ibadilishwe iwe ya fezi moja. Ulizeni bei ya mota hiyo mjini, kisha muikate kwenye bei anayotaka. Akikataa, fundi wa jua kali atawaundia nyingine. Na iwapo hamu ya kijana itakuwa imekwisha, mtakuwa mmepoteza kidogo, na mashine ya kunolea itanoa majembe na mapanga ya babu.

Kile kifimbo cha tatu ninacho hapa mezani. Kijana aliniomba nikulete mwenyewe huko Umoja. Kina kasoro ndogo karibu na mpini wa kushoto. Nakuomba usimtajie, ameshaiona.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, nitaeleza jinsi ya kunoa bobari bila kuichoma.